Sufuria Saba za Sombe

Papa jirani yetu, aliyekuwa akinibeba kila asubuhi kwenye toleka, ile baiskeli yake ya abiria, alifariki mwezi uliopita. Ninyi mnaosoma ukurasa huu kwenye ukuta wa shule mnanijua: naandika, kusema kunanishinda. Siku moja nilianguka kwenye kona huku Kabondo, nikanyamaza kwa haya, naye akaendelea kukanyaga pedali akinisimulia habari za mashemeji zake mpaka mlango wa shule. Kugeuka, kiti kitupu. Alirudi mbio akiniuliza, "Mutoto, basi nilikuwa naongea na nani?"

Siku ya pili ya matanga mama alinituma kwao na sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo. Uani walijaa wanawake, huku ndugu wa mume kutoka Yanonge, kule ndugu wa mke kutoka Maniema. Mjane alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu kifo, na dada yake alihofia ataanguka. Alifunua sufuria yangu, kisha akazitazama sita zilizotangulia. "Hata weye, sombe?" Nikaitika kwa kichwa. "Bon. Na lituma iko wapi?" Hapakuwa na ndizi hata moja iliyotwangwa. "Si wao ndio walete," wakasema wa Yanonge. "Sisi? Tulijua ni ninyi," wakajibu wa Maniema. Mjane akacheka. Shemeji mmoja akanuna: "Mutu anacheka, na bwana yake tumezika jana?" Dada mkubwa wa marehemu hakuinua hata kichwa. "Acha acheke. Mudogo wangu alimuoa kwa kumuchekesha. Alors, leteni ndizi tutwange."

Njia nzima nilikuwa nimetayarisha maneno ya pole. Hakuna aliyeyauliza, nilipewa mchi. Tulitwanga kwa zamu, upande huu na upande ule, na mjane akala, akaongeza. Nimefikiri sana tangu siku ile. Sisi tunajua kujaa uani siku za kwanza, kila mtu na sufuria yake, kila upande ukidhani mwingine ameshughulikia kilichobaki. Huzuni yenyewe hufika vizuri wageni wakiisha kupanda pirogi, mitumbwi ya mtoni, kurudi kwao. Sasa ndugu wa pande zote wamegawana siku za kumtembelea, na sisi majirani tumepewa Jumanne. Nimejifunza kuuliza kabla ya kubeba. Jumanne hii nilimuuliza anataka tumpikie nini.

"Samaki," akasema. "Na weye ubakie, tule pamoja."