Aloha Jikoni Kwetu Fittja

Nilipokuwa mtoto, majira fulani ya baridi yalinikuta na kikohozi kilichokataa kuondoka. Tulikaa Fittja, nchini Sweden, mimi na mama, na bibi alikuwa amekuja kututembelea kutoka Taita. Daktari alinisikiliza kifua akasema ni virusi tu, kitaisha chenyewe. Bibi hakubishana naye. Alingoja mama aende kazini, akaniambia sababu aliyoijua yeye.

"Mtu mzima akiweka hasira moyoni, hasira ile hutafuta mtoto wa nyumba hiyo, ikakaa kwake."

"*Vem är arg?*" nikasema, kisha nikakumbuka Kiswahili. "Nani ana hasira?"

"Mimi," alijibu, akaendelea kumenya viazi.

Alikuwa amemkasirikia mama. Babu alipofariki, mama hakwenda kumzika, kwa kuwa kibali chake cha kuishi Sweden kilikuwa hakijaamuliwa, na angetoka asingeruhusiwa kurudi. Bibi aliyaelewa hayo yote. Tatizo, aliniambia, ni kwamba kuelewa hukaa kichwani, na hasira haikai huko. Kwao Taita kuna dawa yake, huitwa kutasa: mzee hujaza kinywa maji au maji ya muwa, huyapuliza nje kama manyunyu, kisha hutamka kwamba moyo wake umetulia.

"Basi fanya, bibi."

"Nifanye peke yangu kama mchawi? Mama yako lazima awepo. Naye hataki."

Mama alikuwa mtu wa kanisa, na mambo hayo aliyaita ya kale. Leo nadhani aliogopa zaidi kusikia kitakachotamkwa. Siku ya bibi kurudi ilikuwa imekaribia, na mimi nilikuwa na hofu moja tu: atapanda ndege na hasira yake, nami nibaki nikikohoa maisha yangu yote.

Mchana wa mwisho, mama akiwa amerudi kutoka kazini na tunakunywa chai, jirani yetu Kalena alikuja kumuaga bibi. Alikuwa mzaliwa wa Hawaii aliyeolewa na Mswidi, mama mnene mwenye sauti nyororo. Aliingia jikoni na sahani ya mikate ya mdalasini, akasema, "Aloha." Bibi alitaka kujua maana yake. Yeye hakujua Kiswidi na Kalena hakujua Kiswahili, kwa hiyo mkalimani nilikuwa mimi.

"Ni salamu," Kalena alisema. "Ni kwaheri pia. Ni upendo. Ni huruma pia, ukimwona mtu ana shida."

"Yote hayo neno moja?" bibi alisema. "Watu wavivu hao."

Nilitafsiri kama alivyosema. Mama nusura apaliwe na chai. Kalena akacheka. "Mwambie ni kweli. Kwetu kuna joto, maneno mengi yanachosha." Halafu akaeleza kwamba wazee wake walisema ndani ya neno hilo mna pumzi, na ndiyo maana zamani watu waliamkiana pua kwa pua, wakivuta pumzi pamoja.

Bibi aliacha kutafuna. "Muulize, na kama umemkasirikia huyo mtu?"

"Mdomo utasema, lakini pumzi haitatoka. Bibi yangu hakuturuhusu kula mpaka tupatane."

Nilipomaliza kutafsiri, bibi alimtazama mama. "Unasikia, Wakesho? Hata kwao."

Mama alizungusha kikombe chake. "Mama, kuna mgeni."

"Mgeni ndiye aliyeanza."

Mama aliweka kikombe mezani, akasimama mbele yake. "Haya. Fanya."

Muwa haukuwepo. Mezani kulikuwa na jagi la sharubati yangu ya matunda mekundu ya msituni, na bibi hakutafuta kingine. Alijaza kinywa, akapuliza. Shati jeupe ambalo mama alivaa kuhudumia wazee kazini lilipata madoa kuanzia kola hadi mfukoni.

"Nilitaka uwe pale tukimzika baba yako," bibi alisema. "Hukuwepo. Sasa imetoka. Uishi vizuri, na mtoto wako apone."

Mama alilia bila kujifuta. Baadaye akajitazama. "Mama, si kulikuwa na maji bombani?"

"Ya huku ni baridi. Yangenivunja meno."

Kikohozi kiliisha, sikumbuki lini hasa. Huenda kwa sababu majira yalibadilika. Nimesoma pia kwamba baadhi ya wataalamu wa lugha hawakubali maelezo yale ya pumzi, na huenda wana haki, kama daktari naye alivyokuwa na haki yake. Sijaona sababu ya kumkosoa yeyote kati yao. Najua tu kwamba nilikuwa nimebeba ugomvi wa watu wawili niliowapenda, na aliyeliona hilo ni bibi. Kuhusu mahali hasira ilipokuwa imekaa, hakukosea.

Kesho yake tulimsindikiza kwa treni. Yeye na mama walikaa ubavu kwa ubavu wakizungumza juu ya babu, jinsi alivyokuwa mbishi na jinsi alivyoimba vibaya kanisani, njia nzima hadi uwanja wa ndege. Mimi niliketi mkabala nao, nao wakanisahau kabisa. Sikumbuki kama nimewahi kufurahi hivyo.