Mfupa wa Nyonga ya Mama

Nikiwakumbuka watu wa ukoo wetu, damu bado inanichemka. Mama alipoanza kuumwa na fizi ya chini, tukikaa Elburgon, shangazi yangu mmoja alimwambia abandike ugoro pale pale panapouma. Kwetu ugoro ulikuwa dawa ya jino. Mama akabandika, maumivu yakapoa, na kidonda kikaendelea kula chini kwa chini. Baba alipokubali mwishowe kumpeleka kwa daktari Nakuru, meno yalikuwa yanacheza, na daktari akatamka kansa.

Alifanyiwa upasuaji Nairobi. Kipande cha taya kilitolewa pamoja na fizi na meno, upande mmoja wa uso ukabonyea. Tukahamia Section 58, mtaa wa Nakuru, ili awe karibu na kliniki. Githeri ya mahindi na maharagwe ikiiva, yeye aliiponda, akaichuja, akainywa ametupa kisogo.

Baadaye daktari akampa habari njema. Ugonjwa haukuwa umerudi. Wangeweza kuchukua mfupa kwenye nyonga yake, wamjengee taya, halafu wamtengenezee meno ya kukaa hapo. Lakini mumewe lazima akubali. Mwili ni wake, ruhusa ni ya mwingine. Upuzi mtupu.

Baba akaita ndugu zake kutoka Molo waamue, na mama ndiye aliyewapikia mbuzi. Hebu fikiria, mtu asiye na taya anawapikia wenye meno ili waseme kama naye atapata yake. Walitafuna weee.

"Kumkatakata mtu mzima ni kumharibu," mkubwa wao akasema, akinyonya mfupa. "Si anakunywa uji? Uji una shida gani?"

Baba akasema ni kweli. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sufuria ya mchuzi, na nilitamani kuwamwagia wote mapajani.

Mama alisikia kila kitu jikoni. Kesho yake akampikia baba uji mwepesi, bila sukari. Mchana uji. Jioni uji. Baba akauliza chakula kiko wapi. Mama akamjibu kwa ule mdomo uliopinda, polepole ili aeleweke.

"Uji una shida gani?"

Baba akanuna, akaanza kula hotelini, wenzake kazini wakamcheka. Ndugu zake waliporudi kututembelea, walikuta vikombe vya uji vimepangwa mezani. Walionja, wakakumbuka wana safari. Wiki hiyo hiyo baba akaenda kwa daktari, akakubali.

Mfupa ulishika. Mama akapata meno yake ya chini, na siku alipotafuna nyama mara ya kwanza alilia, nami nikalia naye.

Ndugu za baba wakaja kusherehekea. Walimshika baba mkono, mmoja mmoja, wakamsifu kwa moyo wake wa huruma. Mama walimkumbuka chakula kilipochelewa.