Jiwe Lililotoka Chini ya Barafu

Mwalimu wangu wa jiolojia alikufa Butembo katikati ya vita, kwa homa ya kawaida, jambo ambalo siku zile lilikuwa karibu anasa. Mke wake alikuwa kwao Bungulu, Beni, mguu umevimba, hakuweza kusafiri kwenda kuzika. Aliniomba kitu kimoja: jiwe la mumewe lifike kaburini.

Lilikuwa jeusi kama kiazi kilichoungua, ganda lake likimeta kama kioo. Mwalimu alilileta kutoka nchi ya baridi alikosomea. Huko, zamani, volkano ililipuka chini ya barafu, moto ukapoa ghafla, ganda likawa kioo. Kwa maji kidogo yaliyonaswa ndani ya kioo hicho, alitufundisha, unaweza kukadiria barafu ilikuwa nene kiasi gani, hata kama leo pale wanalisha kondoo. Sisi wanafunzi tulikuwa tukichungulia dirishani, hatumsikilizi.

Kwenye kizuizi cha barabara, askari aliyekuwa akisaka madini alilichomoa kwenye unga wangu wa muhogo.

"Hii iko koltani?"

"Hapana, chef. Iko jiwe ya masomo. Ilitoka chini ya glace."

Hapo nilijipalia makaa. Beni nzima, tuliyemjua kuwa na barafu alikuwa mmoja: kamanda wao, mwenye jenereta na friji.

"Uliingia kwa commandant?"

"Hapana! Ile glace iko ya zamani sana, miaka maelfu."

"Donc, basi, uliiba zamani."

Nikapelekwa kwa kamanda. Alisema halikumbuki jiwe hilo, lakini mali ya mtu ni mali yake, akalirudisha kwenye friji, chini ya bia. Niliachiliwa bila kipigo. Nilishukuru kwa adabu, kisha nikalia kwa hasira hadi Bungulu, nikamweleza mjane kila kitu.

Baadaye kundi jingine liliingia mjini na kamanda akakimbia. Watu walibeba friji, vitanda, hata milango. Jiwe halikumtamanisha mtu. Mjane alichechemea hadi kwenye nyumba ile, akalikuta sakafuni, kwenye dimbwi la maji.

Mguu ulipopona nilimsindikiza Butembo. Pale kaburini alilishika kwa muda mrefu.

"Bwana yangu alikuwa anasema hii jiwe inajua glace ilikuwa nene namna gani."

"Ndiyo, mama."

"Hata glace ikiisha?"

"Hata ikiisha."

Akaliweka juu ya udongo, akalisukuma kidogo lisibingirike.

"Basi, ibakie hapa."