Siku Nilipopelekwa Chumba cha Maombi

Harufu ya kanisa siku ya mavuno haifanani na harufu ya Jumapili nyingine. Kuna unga mpya wa muhogo, samaki wa kukausha, ndizi zinazoanza kuiva, na juu ya yote hayo kuna kuku, maana kwetu Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, watu humletea Mungu walichonacho, na wengi wana kuku. Jumapili iliyopita niliingia ibadani nimemshika mwanangu mkono, harufu hiyo ikanipokea mlangoni, na kabla sijaketi nilikuwa nimeshaanza kucheka peke yangu. Mama mmoja wa kwaya alinitazama vibaya. Yeye sikumwambia kitu, lakini nyinyi nitawaambia.

Nilikuwa mtoto asiyetulia. Simaanishi mtundu, kwa sababu mtundu hufanya jambo akijua ni baya. Mimi nilikuwa nashtukia tayari nimeshafanya. Nikitumwa chumvi nilirudi na habari za harusi ya watu, chumvi sina. Darasani nilijibu swali kabla mwalimu hajalimaliza, na jibu lenyewe lilikuwa la swali jingine. Tulikuwa tumerudi si zamani kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, ambako watoto tulikuwa wengi mno hata mmoja anayerukaruka asionekane. Baraka nilionekana. Mtaa mzima ulijua jina langu kwa kulisikia likiitwa: Riziki, shuka. Riziki, kaa. Riziki, wacha vitu vya batu. Baba alikuwa mbali, kwenye machimbo ya dhahabu, kwa hiyo malalamiko yote yalimwangukia mama, ambaye aliuza samaki sokoni na hakuwa mtu wa maneno mengi.

Mama alikuwa amenipeleka kwa muuguzi wa kituo cha afya. Muuguzi, mtu mwema aliyechoka, alisema kwamba amewahi kusikia kuna watoto wa namna yangu na kwamba katika miji mikubwa wanazo hata dawa za kuwasaidia, lakini yeye kabatini alikuwa na za malaria na za minyoo. Akanipa za minyoo. Nilitoka hapo bila minyoo na bila utulivu.

Sasa, siku ile ya mavuno. Sadaka zilipangwa mbele, zingojee kunadiwa baada ya ibada, na kuku walikuwa wamelala ubavu, miguu imefungwa kwa kamba za migomba. Mama alikuwa ameniketisha benchi la kwanza ili watu wa protokole, wale wanaosimamia nidhamu na kijiti mkononi, wanione vizuri. Hakufikiria kwamba mimi nami ningewaona kuku vizuri. Kuku mmoja mweupe alinikazia jicho. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini mimi niliona tu kwamba imembana. Mchungaji alipotuita kwenye maombi, na kanisa zima likafumba macho na kupaza sauti, vidole vyangu vikaenda. Nilimfungua yule mweupe. Kisha nikamwonea huruma jirani yake. Maombi ya kwetu ni marefu, nadhani mnajua, na kuku hukaa kimya kidogo kabla ya kuamini kwamba wako huru.

"Amina" iliposemwa, jogoo alikuwa juu ya mimbari. Wengine walipita katikati ya kwaya, mmoja akatua kwenye kofia ya mama wa mzee wa kanisa, na wazee wenye suti walikimbizana na sadaka hadi nje kwenye mihogo. Mpaka leo kuna familia mbili hazijakubaliana ni kuku yupi alikuwa wa nani. Kosa la kufungua kuku labda lingesameheka. Mimi nilicheka, nikacheka mpaka nikakaa chini, na kucheka kule ndiko kulikowatisha.

Kesho yake wazee walimwita mama. Nilisikiliza nikiwa nimeegemea ukuta wa nje, na kwa mara moja maishani nilitulia. Mzee mmoja alisema, "Mama Riziki, huyu mutoto iko na kitu ndani. Si bure." Mwingine akaleta methali, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na hapo wakakubaliana: nipelekwe chumba cha maombi, nyuma ya kanisa, nikae na waombezi, nifunge bila kula wala kunywa mpaka kile kitu kitoke.  Nilimwona mama kwenye tundu la ukuta ameinamisha kichwa, anafumbata ncha ya kitenge chake.

Sisi watoto tulikijua chumba kile. Kulikuwa na kijana mmoja aliyewahi kutoka mle na alama za kamba mikononi.  Usiku huo niliogopa kamba, niliogopa njaa, lakini zaidi niliogopa kwamba mama amekubali. Kupigwa nilikuwa nimezoea. Kutolewa kama kuku wa sadaka, na mtu aliyenizaa, hilo sikujua nilibebe vipi.

Asubuhi alinivalisha gauni langu zuri, akanishika mkono juu kidogo ya kiganja, kwa nguvu, tukaenda. Hakuniambia tunakwenda wapi na sikuuliza. Mlangoni tulimkuta mkubwa wa waombezi, Mama Eliza, mwanamke mnene mwenye sauti iliyokauka kwa kuomba. Nilijificha nyuma ya kitenge cha mama. Ndipo nikamsikia mama akisema, kwa sauti ambayo sikuijua:

"Mama, mi nitabaki hapa naye. Na mutoto hatafunga. Mi njo nitafunga. Na mutu asimuguse."

Mama Eliza alimtazama. Kisha akanitazama mimi.

"Nani alikuambia batoto banafungaka huku kwangu?" akasema. "Ile ya kamba ilikuwa zamani, mbele mi sijaingia hapa. Kamba yenyewe nilitupa kwa choo. Umekula, we?"

Nilitikisa kichwa. Akaniletea ugali na samaki mzima, akakaa akaniangalia nikila, na mama naye akakaa, lakini chakula chake hakukigusa. Alishaahidi.

Baadaye waombezi walisimama kuomba. Kama hamjawahi kuona waombezi wa kwetu, hawapigi magoti wakatulia. Wanatembea. Kila mmoja ana njia yake, kutoka ukuta hadi ukuta, anapiga makofi, anageuka, anarudi, anamweleza Mungu mambo kwa mikono kama anayebishana bei. Mimi niliyekaripiwa tangu kuzaliwa kwa kusogeza miguu kanisani, nilisimama mle ndani mdomo wazi. Hakuna aliyeniambia kaa. Nikachukua njia yangu, karibu na dirisha, nikaanza kutembea na mimi. Sikumbuki niliomba nini mwanzoni. Nakumbuka kwamba nilipofika katikati ya asubuhi nilikuwa bado naomba jambo lile lile, na kwamba sijawahi kukaa na jambo moja muda mrefu namna ile. Nilikuwa na furaha mpaka machozi yakanitoka.

Mama Eliza alimvuta mama pembeni, lakini sauti yake haikujua kunong'ona. "Huyu haiko na pepo. Pepo ikisikia maombi inakimbia. Huyu anaongeza mwendo." Akacheka peke yake. "Mungu alimupa miguu ya mbio na akili ya mbio. Usimufunge. Mupatie njia."

Ni yeye mwenyewe aliyekwenda kuwaambia wazee kwamba kazi imekwisha. Sijui aliwaambia nini, ila hakuna aliyenigusa tena, na mavuno yaliyofuata nilipewa kazi ya kuzungusha sadaka mbele ya watu wakati wa kunadi, mbio huku na huku, kuku kwapani.

Nyumbani mambo yalibadilika polepole. Mama aliacha kunituma mambo matatu pamoja. Alinituma moja, akanifanya nilirudie kwa mdomo wangu kabla sijatoka. Mistari ya Neno la Mungu na hesabu za kuzidisha niliziimba nikipanda na ndoo kutoka ziwani, na mwalimu alipoona nimeanza kujua, aliniachia kazi ya kufuta ubao kila ulipojaa. Siku nyingine yote hayo hayakusaidia, na mama alikaa kwenye mkeka akaniombea huku analia kwa uchovu. Sisemi dawa ni mbaya. Kama zingekuwepo, labda angelia siku chache tu, au asingelia kabisa. Hazikuwepo. Yeye alikuwa na subira, na Mama Eliza, na magoti yake.

Leo nina mwanangu, na amenirudia mimi mtupu. Daktari aliyemwona mjini alitupa jina la hali hiyo, akatueleza kwa upole kwamba haitokani na malezi mabaya wala na mapepo. Dawa alizozitaja bado hazifiki Baraka, na tumekubaliana kwamba siku zikifika tutazungumza naye tena. Nilitoka kwake nikiwa mwepesi kama mtu aliyeshushwa mzigo wa kuni, nikaenda moja kwa moja kwa mama kumpa habari. Nilimkuta uani anamenya mihogo. Alisikiliza, akasema, "Si nilijua." Ndipo nikamuuliza lile ambalo sikuwahi kuthubutu: kwa nini basi alinipeleka chumba cha maombi.

Aliendelea kumenya. Akasema alitaka kwanza awaone kwa macho yake, maana huenda wangekuwa watu wema. Lakini alfajiri ile, kabla sijaamka, alikuwa ameshakwenda kwa jirani yetu Mwislamu, Baba Shabani, mwenye mtumbwi wa mashine, akamwomba asing'oe nanga mpaka amwone. Kama Mama Eliza angetoa kamba, mama angenibeba, angeshuka nami ziwani, na jioni tungekuwa Kazimia kwa dada yake.

 Huyu ni mwanamke aliyekuwa hakosi ibada hata akiwa na homa, aliyeongea na mchungaji macho chini. Miaka yote nilidhani siku ile aliponishika mkono kwa nguvu alikuwa ananipeleka. Kumbe alikuwa amejiandaa kukimbia nami.

"Na kanisa je, mama?" nikamuuliza. "Ungeacha kanisa lako?"

Alichukua muhogo mwingine.

"Mungu iko hata Kazimia," akasema.

Nililia kidogo, kilio kitamu. Kisha nikainuka kwenda kumshusha mwanangu, aliyekuwa juu ya paa la jiko.