Mjomba Hayumo Kwenye Kanuni

Jumatatu asubuhi jirani yetu wa Kinondo aliingia ofisini Kwale, nilikokuwa karani, akanisalimu kisha akaniambia bila kuzunguka, "Mjomba wako hali yake mbaya. Anakutaka upesi, ana neno nawe kabla hajaondoka."

Asiyetoka kwetu huenda asielewe. Kwetu Wadigo, miaka hiyo ya hamsini, mjomba ndiye aliyekuwa mwenye mtoto. Baba yangu alikuwa mzima huko Galu, tukionana Idi kwa Idi. Aliyenilea, akanipeleka chuo cha Kurani na skuli, na akataka mimi ndimi nimrithi, ni ndugu wa mama.

Nikaenda kwa karani mkuu kuomba ruhusa. Hakuwa mtu mbaya, nalikubali hilo ingawa hadi leo nikikumbuka damu hunichemka. Alifungua kitabu cha kanuni akanionyesha kwa kidole: ruhusa ya dharura ni kwa ajili ya mke, mtoto, baba au mama. Nilikuwa naijua. Nakala iliyobandikwa ukutani niliipiga chapa mimi mwenyewe, wala sikugundua kuna mtu amesahauliwa.

"Angekuwa baba yako ningetia saini sasa hivi," alisema. "Lakini mjomba, ndugu yangu, hayumo."

"Basi niandikie kuwa ni baba."

"Baba yako yumo kwenye faili, anaishi Galu. Ulimwandika wewe mwenyewe."

Nikatamani, Mungu anisamehe, mgonjwa awe baba. Nikauliza nani anaweza kuibadilisha kanuni hiyo. Akasema yeye hawezi, na bwana mkubwa naye hawezi, imeletwa kutoka juu. Huko juu sikumjua hata mtu mmoja wa kumpigia magoti. Kutoroka ni kufutwa kazi, na mama na wadogo zangu walikuwa wakila kwa kazi ile. Nikarudi mezani nikapiga chapa barua za watu, nikizikosea, hadi Jumamosi adhuhuri, ofisi ilipofungwa.

Nilipofika Kinondo, alikuwa amezikwa tangu Alhamisi. Mkaza mjomba, mjane wake, alinipokea kwa upole ulioniumiza kuliko matusi.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Kaa." Alinipa maji, akangoja ninywe. "Siku zote tatu alikuwa akiuliza amekukosea nini. Alikukosea nini?"

Nikaanza kumweleza habari za kanuni, ya kwamba mke yumo, na mtoto, na baba, na mama. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza tena.