Mbuzi wa Timu ya Taifa

Tulipokuwa wadogo pale kijijini Bonga, mpira wa timu ya taifa haukutazamwa, ulisikilizwa, na kabla ya kusikilizwa ulianikwa. Nazungumzia betri. Kama ulikulia kwenye nyumba yenye redio ya betri, unanielewa. Asubuhi ya siku ya mechi baba anazitoa mgongoni mwa redio, anazipanga juu ya bati la banda la kuku zipate jua, na mtoto mmoja anawekwa zamu ya kuwafukuza kuku. Zikiwa zimechoka kabisa, zinang'atwa kidogo kwa meno. Niliwahi kuwasimulia vijana wa leo habari hiyo, wakaniangalia kama mtu anayedai kwamba zamani simu ilichajiwa kwa kutafunwa.

Jua likiwa linachoma betri, sisi tulikuwa shambani tunacheza chandimu. Mahindi yameshavunwa, mabua yamelishwa ng'ombe, udongo umekauka na kupasuka nyufa za kuingia vidole. Mpira ulikuwa wa matambara, umefungwa kamba za katani, na ukilowa umande ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Kila mmoja alijipa jina la mchezaji wa timu ya taifa, ingawa hakuna aliyewahi kuona sura ya hata mmoja wao. Mimi nilijipa jina la beki wa kushoto, kwa sababu tu mtangazaji alipolitaja sauti yake ilipanda. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akapiga kelele, "Nyie! Huo mpira ndio utawapikia?" Tulirudi tumejaa vumbi hadi kwenye kope, tukala makande ya jana na maziwa mgando, kisha tukakaa chini kuizunguka redio kama inatoa joto.

Timu ya redioni ilikuwa nzuri sana. Hata ilipofungwa, ilifungwa kishujaa: mpira uligonga mwamba, mwamuzi alionea, mvua iliharibu uwanja. Fainali za Afrika tulikuwa tumeshakwenda mara moja, mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni, na Baba aliisimulia safari hiyo kama vile alibeba mabegi ya wachezaji. Baada ya hapo ilikuwa ni kufuzu tu, na hatukufuzu. Fainali zilikuwa kama harusi ya watu wengine. Tulizisikia ngoma tukiwa nje ya ua.

Sasa niseme kuhusu mbuzi.

Siku moja tulikuwa tunacheza nyumbani, mechi ya kufuzu, na jirani zetu wa nchi moja ambayo sitaitaja kwa sababu ya ujirani mwema. Kipindi cha pili tukapata bao. Baba aliruka, redio ikadondoka, ikaokotwa, ikaendelea. Tukiwa tunaongoza, na mtangazaji akisema dakika zimebaki chache, sauti ikaanza kuwa nyembamba, ikawa kama ya mtu anayeongea ndani ya mtungi, kisha kimya. Baba alizitoa betri, akazing'ata, akazirudisha. Kimya.

"Tumeshinda," akasema Baba.

"Umejuaje?" akauliza Mzee Tluway, jirani yetu, ambaye alikuwa hana redio lakini hakukosa mechi.

"Dakika zilizobaki ni za kufunga kamba za viatu tu. Leteni kisu."

Akachinja mbuzi. Mbuzi mzima, dume lililokuwa likinenepeshwa kwa ajili ya Krismasi. Nusu ya Bonga ilikunywa supu kwetu jioni ile, na Mzee Tluway ndiye aliyeimba kwa sauti kubwa kuliko wote. Asubuhi basi la kutoka Arusha likasimama pale barabarani kushusha abiria. Baba akamwuliza kondakta, kwa kujidai kidogo, watu wa mjini wameupokeaje ushindi. Kondakta akamtazama kwa huruma. "Mzee wangu, ushindi gani? Walirudisha, halafu wakaongeza."

Kuanzia siku hiyo Mzee Tluway hakumsalimia Baba kama watu wengine. Alikuwa akipita anapaza sauti: "Baba Danieli! Ile supu ilikuwa tamu! Hivi nani alishinda?"

Ndipo Baba akaweka nadhiri, mbele ya Mama na mbele ya Tluway mwenyewe. Akachagua beberu mchanga, akasema huyo ni mbuzi wa timu ya taifa. Hatachinjwa Krismasi, hatauzwa kwa ada ya shule wala kwa ugonjwa. Atachinjwa siku tutakaposhinda mechi kwenye fainali kubwa, na Baba mwenyewe awe amekisikia kipenga cha mwisho kwa masikio yake. Beberu yule alizeeka akafa. Akarithiwa na mwanawe, na mwanawe akarithiwa. Nilipomaliza kidato cha nne, miguu ikaanza kuniwasha, nikaaga. Baba akaniambia jambo moja tu: "Huyu mbuzi utamchuna wewe. Ukisikia tumefika fainali, urudi."

Nimezunguka sana. Nimeishi Mererani, Singida, Mwanza, na kwa muda mrefu Tunduma, ambako madereva wa malori kutoka ng'ambo walikuwa wakiniuliza, "Eti na nyie mna timu?" Nilibishana nao kwa sauti kubwa kuliko ushahidi niliokuwa nao. Miaka ikapita, mimi nahama chumba hadi chumba, beberu anarithiwa Bonga. Halafu, nikiwa mtu mzima mwenye mvi za kwanza, tukafuzu. Nikapanda basi. Tukafungwa mechi zote, nikarudi nilikotoka. Tukafuzu tena, nikapanda basi tena, tukapata sare. Beberu akaendelea kula majani.

Mara hii ya karibuni nilifika nyumbani nikakuta kuna televisheni sebuleni, kaka yangu Danieli ameinunua. Nikamwambia Baba shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama, maana alikuwa anatafuta stesheni. Redio bado anayo, na anaisikiliza hata televisheni ikiwa imewashwa. Shida ni kwamba redio inatangulia. Kwenye kioo mpira uko katikati ya uwanja, Baba tayari ameshika kichwa.

"Babu, zima hiyo kitu, unatuharibia uhondo!" akalalamika Elia, mtoto wa kaka yangu, anayeendesha bodaboda mjini.

"Uhondo wako umechelewa. Nunua mwingine."

Elia ni kijana wa siku hizi, na timu ya taifa kwake ni kama mtu mwenye deni lake. "Hawa wanatuangusha, ba'mdogo," akaniambia. "Nchi nzima hii, ligi inatazamwa mpaka nje, halafu kwenye mashindano makubwa hatujawahi kushinda hata mechi moja. Hata moja! Si aibu?" Nilishuku kwamba uchungu wake ulikuwa na uhusiano na mkeka wa kubeti aliouchana mechi ya kwanza, tulipofungwa. Lakini sikuweza kumkatalia. Kwa watu tulivyo wengi na kelele tulizo nazo, tungepaswa kuwa tumeshinda kitu. Nilichomwambia ni kwamba sisi tulikua tukitamani hata hiyo nafasi ya kufungwa huko. Akasema, "Ndiyo maana mmeridhika mapema." Nalo lilikuwa jibu.

Mechi ya mwisho ya makundi tulikuwa tumekaa wote, Mama akichambua maharage, Mzee Tluway kwenye kiti cha mbele kama zamani. Tulihitaji pointi moja kusonga mbele, jambo ambalo halijawahi kutokea. Tulitangulia kufungwa. Halafu Baba akaruka. Sisi wengine tukasubiri, tukitazama kioo, hadi bao la kusawazisha lilipotufikia na sisi, tukaruka. Dakika zilizobaki sikuzitazama kwenye televisheni, nilimtazama Baba. Aliishika redio sikioni kwa mikono miwili. Kisha akaishusha polepole, akasema, "Kipenga."

Nyumba ikalipuka. Elia, aliyekuwa akiona aibu, alikuwa wa kwanza kukimbilia jikoni. Akarudi na kisu. "Babu, mbuzi! Leo ndio leo!"

"Tumeshinda?" akauliza Baba.

"Tumesonga mbele!"

"Sijauliza tumekwenda wapi. Nimeuliza, tumeshinda?"

Elia akabaki na kisu hewani. Mzee Tluway akakohoa. "Baba Danieli, ile mara ya kwanza mbona hukuuliza?"

Tulicheka hadi Mama akamwaga maharage, na aliyecheka zaidi alikuwa Baba, anajifuta machozi kwa kofia. Alipotulia akatoa hukumu: "Sare ni jogoo. Ushindi ni mbuzi." Basi tukala jogoo, na Tluway akapewa paja. Mechi iliyofuata tukatolewa kwa bao moja, kwa heshima, na safari hii hakuna mtangazaji aliyelazimika kutupamba.

Siku hizi Elia na wenzake wanajua uzito na umri wa kila mchezaji, na wanamkasirikia kila mmoja kwa jina. Sisi hatukumjua hata mmoja, tukawapenda wote. Timu yao ni bora kuliko yetu, hilo nalikubali. Ila wakati mwingine natamani ile ya redioni icheze tena, kwa betri zilizoanikwa, na kuku wa kufukuza.

Asubuhi ya kuondoka Baba alinisindikiza hadi barabarani, akimwongoza beberu kwa kamba, ati anampeleka malishoni. Mlima Kwaraa ulikuwa umevaa wingu. Basi lilipotokea akaniuliza, "Fainali zijazo si zinachezwa hapa hapa kwetu?"

"Ndiyo, Baba. Na nchi jirani."

"Basi nauli haitakuwa sababu." Akampapasa beberu shingoni. "Uje mapema. Huyu naye anazeeka."

Nilipokaa dirishani, beberu alikuwa anamvuta kuelekea kwenye majani, na Baba anamfuata taratibu.