Bisibisi ya betri za tochi yamrudisha fundi Damiano kazini

"Siku ile mjinga alikuwa mmoja tu kwenye mnada mzima, na ndiye mimi," anasema Damiano Tluway bila kuinua macho.

Hana nafasi ya kuyainua. Ni saa tatu asubuhi, ukungu ulioshuka kutoka msitu wa Ngorongoro bado umekalia mapaa ya kijiji cha Rhotia, wilayani Karatu, naye amepiga goti mbele ya kabati jipya katika nyumba ya wageni ya Judith Massawe, mfanyabiashara ambaye hapa kila mtu humwita Mama Winnie. Mkononi ana bisibisi ya betri isiyozidi urefu wa gunzi la hindi. Anaigusisha kwenye skrubu, anabonyeza, nayo inanguruma taratibu kama nyuki aliyefungiwa chupani.

Bawaba inakaa. Damiano anafungua mlango wa kabati, anaufunga, anaufungua tena. Haulii.

Ni lazima usilie. Chumba hiki ni mtihani wake. Mama Winnie amemwambia wazi kwamba kikitoka safi, vyumba vyote vilivyobaki ni vya kwake: makabati, reli za pazia, fremu za vyandarua. Ubao mmoja ukipasuka, amuage na mlango aufunge mwenyewe akitoka.

Damiano ana miaka arobaini na mitatu. Alitoka Mbulu akiwa kijana, akaja Karatu kuchuma kahawa kwenye mashamba makubwa. Nyumba za vibarua zilikuwa na milango iliyoning'inia kama meno ya mzee, naye jioni akawa anaikaza kwa ncha ya kisu. Msimamizi alipoona hivyo akampa bisibisi. Msimu uliofuata kahawa ikachumwa na wengine.

Akawa fundi wa kazi ndogo ndogo. Vitasa, komeo, mishikio ya makabati, viti vinavyoyumba. "Ni zile kazi ambazo fundi mkubwa ukimwita anakuja keshokutwa, na akija anakasirika," anasema. Wiki ikiwa nzuri alikuwa akiondoka na shilingi elfu ishirini. Wiki mbaya alikuwa akilipwa mahindi na shukrani, na shukrani, anasema, haisagiki.

Kisha mkono wa kulia ukaanza kugoma.

Kukaza skrubu ni kusokota kifundo cha mkono, na cha Damiano kilikuwa kimesokotwa zaidi ya miaka ishirini. Kikavimba. Asubuhi akawa hawezi kushika kikombe cha chai. Mganga wa zahanati akamwambia kifundo kimechakaa, asikisokote tena. "Nikamuuliza kama hakiwezi kubadilishwa kama bawaba," anasema Damiano. "Hakucheka. Nikajua mambo ni mazito."

Akajaribu mkono wa kushoto, skrubu zikaingia upande. Wateja wakaanza kumwonea huruma, na huruma ya mteja ni kumwita fundi mwingine. Kaka yake, Wilibrodi, akatuma salamu kutoka Mbulu: rudi nyumbani uchunge, ng'ombe hawana skrubu.

Mkewe, Rahel, ambaye huuza maharage sokoni Karatu, ndiye aliyezipokea salamu hizo. Hakuzifurahia. "Nilimwambia Baba Ester, mimi niliolewa na fundi," anasema. "Mchungaji ng'ombe angenitaka, angekuja na ng'ombe."

Damiano alikuwa ameona fundi wa kambi moja ya watalii akifunga skrubu kwa mashine ya kushika mkononi, isiyo na waya. Mashine ndiyo inayosokota, mkono unaelekeza tu. Akasema hiyo ndiyo dawa yake. Rahel akafungua kibindo, akatoa akiba ya msimu mzima wa maharage, na Damiano akaenda mnadani kununua.

Hapo ndipo ujinga ulipomkuta.

Damiano amekulia kwenye ng'ombe, na kwao dume la kulimia halichaguliwi kwa upole. Unalipiga kofi ubavuni, unatazama upana wa kifua, unasikiliza linavyopumua. Mbele ya muuza vyombo vya mitumba naye akafanya vilevile. Akanyanyua mashine moja moja, ile iliyovuta bega chini zaidi akaiweka karibu. Akaomba iwashwe. Ikanguruma mpaka watu waliokuwa wakila nyama wakageuka. Palikuwa na nyingine ndogo, nyepesi, naye akauliza kwa sauti kama huo ni mswaki.

Alilinunua dume lake. Siku ya pili akalibeba mpaka jikoni kwa Mama Winnie, alikoitwa kubadilisha bawaba ndogo za kabati la vyombo. Mbao zilikuwa za paini, laini, na skrubu fupi kama kidole cha mtoto.

Skrubu ya kwanza ilizama yote na kutokea upande wa pili. Ya pili ikakatika kichwa. Ya tatu ikaupasua mlango kutoka juu hadi chini, mbele ya mwenye kabati aliyekuwa ameshika sinia la chai. Baada ya hapo mashine ikakata moto yenyewe, kwani chaji ilikuwa imekwisha, na mwaka huo wa mgao, umeme wa Karatu ulikuwa ukija na kuondoka bila kuaga. Nyumbani kwa Damiano haukuwahi kuja kabisa.

"Fundi," Mama Winnie akamwambia, "nilikuita ufunge kabati. Kisima ninacho."

Neno likatoka jikoni likafika barabarani kabla ya Damiano. Kwa muda mrefu Rhotia nzima ilimwita Kisima. Mlango aliutengeneza upya kwa gharama yake, na kifundo, kilichokuwa kimebeba uzito ule hewani, kikavimba kuliko mwanzo.

Leo haisemi vibaya mashine ile. Alimuuzia fundi wa vitanda mjini, anayetoboa miti migumu kutwa nzima, naye anaisifu. "Mashine haikuwa na kosa," anasema Damiano. "Lilikuwa dume la kulimia. Mimi nikaliingiza jikoni."

Mtu mwingine angefunga mizigo kwenda Mbulu. Damiano alikaa kitandani akaumwa siku chache, kisha akaamka na swali jipya. Mara ya kwanza alikuwa amejiuliza mashine ipi ina nguvu. Safari hii akajiuliza kazi yake inataka nguvu kiasi gani.

Akaingia duka la vifaa la Edgar, mjini Karatu, akiwa na kipande cha ubao wa paini, skrubu kiganjani, na Rahel. Edgar, ambaye habari za kisima zilikuwa zimemfikia, akamkaribisha kwa kicheko na kumsogezea mashine kubwa. Damiano akamwomba airudishe, amwonyeshe zile ndogo za kazi za nyumbani.

Rahel alikuwa na mbinu yake. Alimtaka mumewe ashike kila moja na kuinyoosha usawa wa bega, kama mtu anayefunga reli ya pazia, huku yeye akimpigia Edgar soga za bei ya maharage. Iliyomfanya Damiano akunje uso kabla soga hazijaisha iliwekwa kando.

Zikabaki mbili. Moja ilikuwa nyembamba, yenye kung'aa, ya kuchomeka kwenye kikalio chake cha chaji. Nyingine ya kijani, sura mbaya, inayotumia betri nne ndogo za tochi. Edgar akaipigia debe ile ya chaji: ni ya kisasa, haina gharama za kununua betri, na kila lodge inazo hizo.

Rahel akamuuliza umeme dukani kwake umekatika tangu lini. Edgar akatazama taa ya kandili iliyokuwa inawaka kwenye kaunta, akakubali kwamba ni tangu juzi.

"Basi," akasema Damiano, "nikiitwa kijijini Kansay nitachomeka wapi? Kwenye mgomba? Betri za tochi zinauzwa kila panapouzwa chumvi."

Lakini bado hakulipa. Aliweka ubao juu ya kaunta, akatoboa kidogo kwa msumari, akapaka skrubu sabuni, akaijaribu ile ya kijani. Ikazunguka polepole, kiasi cha jicho kuifuata. Skrubu ilipokaza, mashine ikalia tik-tik na kuacha kusukuma. Hapo, anasema, ndipo alipoipenda. Ile kubwa ilikuwa haijui kuacha.

Akaijaribu pia ikiwa imezimwa. Kuna kitufe cha kuifunga, na ikishafungwa inakuwa bisibisi ya kawaida: betri zikiisha, skrubu ya mwisho unaimalizia kwa mkono. Kwa kifundo chake, skrubu moja haina neno. Ni mia ndizo zinazoua.

Edgar akamwonya kwamba mafundi wenzake watamcheka. Damiano akafungua pochi.

"Nimeshachekwa kwa jumla," akamwambia. "Rejareja hainitishi."

Sasa ni mwezi wa nne tangu siku ile. Betri zikichoka kwenye bisibisi huhamia kwenye redio, na zikichoka huko Rahel huzianika juu ya bati kama dagaa, zikapata uhai wa siku mbili tatu za taarifa ya habari. Kifundo kimepungua uvimbe. Mipaka ya chombo chake Damiano anaijua na haoni haya kuitaja: mlango wa mninga akiuona, humwambia mwenye nyumba atafute fundi wa milango. Yeye ni wa kabati.

Alianza na nyumba za majirani, kisha za walimu, kisha kijiji cha Qurus. Kwa Mama Winnie alikwenda mara tatu kuomba kazi. Mara mbili za kwanza alijibiwa kwamba kisima bado kina maji. Mara ya tatu akapewa chumba hiki kimoja, na Rahel akaacha maharage ili aje kumshikia milango.

Mipango yake haijifichi. Anataka kuanzia hapa mpaka geti la Ngorongoro, mgeni akilalamika kwamba kabati la chumbani linalia, mwenye nyumba asiwe na jina jingine la kutaja. "Wageni wanatoka mbali kuja kuona simba," anasema. "Kitasa kisiwaharibie." Wilibrodi ameshajibiwa kwamba ng'ombe wasalimiwe.

Saa sita kasoro, mlango wa mwisho wa kabati umekaa. Mama Winnie anaingia. Anapitisha kidole kwenye mbao kutafuta ufa, anafungua kila mlango, anaugonga kidogo kwa kiganja kusikia kama unacheza. Damiano amesimama ukutani, bisibisi mfukoni, kama mwanafunzi anayesubiri matokeo.

Kabla Mama Winnie hajafungua mdomo, mdogo wake, Mathias, anachungulia. Ni dereva wa watalii, amerudi kutoka kreta ya Ngorongoro na Land Rover yake iko nje bado inatoa joto. Anaiona bisibisi ikichungulia mfukoni, anaiomba, anaizungusha kwenye kiganja, anauliza kama inanyoa ndevu.

Damiano anacheka pamoja naye. Anamweleza habari ya kifundo. Mathias anatikisa kichwa, na safari hii hatanii. Anamwambia dada yake asitupe fedha: nyumba ya wageni inataka fundi kamili, na babu yao alifunga milango ya nyumba nzima kule Kilimanjaro kwa mikono yake miwili. Rahel anamjibu kwamba milango hii nayo imefungwa, aitazame. Mathias anasema si suala la kufungwa, ni suala la nani amefunga.

"Dada, fundi ni mkono," anasema. "Mkono ukimshinda mtu, na ufundi umemshinda. Hapa iliyofanya kazi ni betri."

Damiano ananyoosha mkono kuchukua chombo chake. Rahel ameshika mlango wa kabati na hauachii. Mama Winnie anachukua bisibisi kutoka kwa mdogo wake, anamrudishia mwenyewe, na juu yake anaweka funguo za vyumba vilivyobaki.

"Fundi, endelea," anasema. Kisha anamgeukia Mathias. "Na wewe wageni wako unawapeleka kreta kwa gari. Nani amewahi kukuambia miguu imekushinda?"